Mto Upitikao kwa Miguu: Historia ya Maneno ya Baridi, Theluji na Barafu katika Kiswahili

Mto Simiyu waanza katika mbuga za Serengeti, ukapita katika nchi ya Wasukuma kwa kuelekea magharibi, ukamwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, Ziwa Viktoria. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu yake Bariadi, umelipata jina lake kwa mto huu. H. M. Stanley aliufuata mwezi wa Februari 1875 alipokuwa akishukia ziwani, naye alidhani kuwa amekiona chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Walakini mto uliopewa heshima kubwa namna hiyo si mto wa mwaka mzima. Masika yanapokwisha maji hupungua, na kiangazi kinapokaza hubaki mchanga mweupe kutoka ukingo hata ukingo, pamoja na vidimbwi vichache. Watu huvuka kwa miguu mahali ambapo miezi michache iliyotangulia maji yalimchukua ng'ombe mzima, na wachungaji huchimba visima mle mle mchangani ili kunyweshea mifugo. Kwa hiyo kwa mtu wa Bariadi kutembea juu ya mto si kitendawili hata kidogo. Jua ndilo limfungulialo njia.

Ziko nchi ambako baridi ndiyo ifunguayo njia hiyo. Huko maji hayaondoki, bali hugeuka kuwa sakafu, na msafiri hupita juu yake, yeye na mzigo wake na mnyama wake, ilhali mto wenyewe ungali ukienda chini ya nyayo zake. Kiswahili ni lugha iliyozaliwa pwani, mahali ambapo maji hayagandi kamwe kwa hali ya hewa. Je, lugha hiyo ilipataje maneno ya kusimulia mto wa namna hii? Swali hili si la mchezo. Wapo wasomi wanaoshikilia hata leo kuwa elimu ya mambo yasiyoonekana katika nchi yetu haiwezi kufundishwa kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha haina neno la kitu ambacho wenyewe hawakukiona. Historia ya maneno matatu au manne yatosha kuipima hoja hiyo.

BARIDI

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai karibu na Mombasa, aliona kileleni mwa mlima wa Uchaga kitu cheupe ambacho kwanza alikidhania wingu. Alimwuliza kiongozi wake juu ya weupe ule. Jibu alilolipata, kama alivyoliandika mwenyewe kwa tahajia yake, lilikuwa neno moja: beredi, yaani baridi.

Jibu hili limetajwa mara nyingi katika historia ya uvumbuzi wa Kilimanjaro, nalo aghalabu husimuliwa kama kichekesho cha mtu asiyejua alitazamalo. Likichunguzwa kwa jicho la mwanaisimu, laonekana kuwa jibu la akili nyingi. Kiongozi hakuwa na jina la kitu kile, wala hakubuni jina la uwongo. Alikitaja kwa tabia yake iliyokuwa hakika, ambayo hutambulika kwa ngozi kabla ya macho. Weupe ni wa mawingu, na wa chokaa, na wa fedha pia; baridi ile ilikuwa ya mahali pale tu. Neno lenyewe, ambalo asili yake ni Kiarabu, lilikuwa limekwisha kuwa la Kiswahili kabisa, na watu wa pwani walilitumia kwa upepo, kwa maji ya mtungi na kwa homa. Siku ile lilitwishwa mzigo mpya, likaubeba.

Wachaga wenyewe hawakuwa na upungufu wa neno. Rebmann alijifunza kwao kuwa kitu kile chaitwa Kibo, na jina hilo ndilo lililobaki kwa kilele kirefu cha mlima hadi leo. Alisimuliwa pia kuwa watu wa pwani walidhani ni fedha, na kwamba kitu kile, kilipoteremshwa chini katika vyombo, kilionekana kuwa ni maji matupu. Alisikia tena habari ya kusikitisha zaidi. Mtawala mmoja wa zamani wa Machame alipeleka kundi kubwa la watu wakauchunguze weupe ule. Aliyerudi alikuwa mmoja tu, aitwaye Sabaya, naye alirudi mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Kwa Sabaya habari ya theluji haikuhitaji kamusi. Ilikuwa imeandikwa katika vidole vyake, na kila aliyemsalimu aliisoma.

Yafaa kulinganisha elimu hiyo na ile ya London. Habari za Rebmann zilipochapishwa mwaka 1849, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakupata kufika Afrika Mashariki, alikataa katakata kuwa theluji yaweza kuwapo karibu na mstari wa Ikweta, na katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliendelea na msimamo huo. Mashaka ya wengi yaliondoka baada ya Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten kupanda zaidi ya mita 4,000 mwaka 1862. Basi katika mabishano yale, lugha yenye msamiati tele wa majira ya baridi ndiyo iliyokanusha ukweli, na ile iliyosema "baridi" tu ndiyo iliyosema kweli. Wingi wa maneno si wingi wa maarifa.

THELUJI NA BARAFU

Maneno mawili makuu ya Kiswahili katika jambo hili ni theluji na barafu, na yote mawili yameandikwa katika kamusi sanifu ya mwaka 1939 iliyotolewa chini ya uongozi wa Frederick Johnson. Yote mawili ni ya kigeni kwa asili. Theluji yatoka katika Kiarabu, ambamo neno thalj hutumika kwa theluji, na kwa barafu pia. Barafu yatoka katika Kiajemi, ambamo neno barf lina maana ya theluji ianguke kutoka juu, na maji yaliyoganda huitwa kwa neno jingine, yakh. Neno hilo la Kiajemi liliingia Bara Hindi, na katika Kihindi na Kiurdu likachukua maana zote mbili.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Waswahili walipokea neno moja lenye maana mbili kutoka upande mmoja, na neno jingine kutoka upande wa pili, ambalo kwa asili lilikuwa la theluji tu. Lau wangaliyapokea kama walivyoyakuta, wangalikuwa na maneno mawili ya kitu kimoja. Hawakufanya hivyo. Waliyagawia kazi: theluji ikawa ile ishukayo mbinguni na kulala milimani kama pamba, na barafu ikawa maji yaliyokuwa mawe. Mgawanyo huu haumo katika Kiarabu kama ulivyo katika Kiswahili, na katika Kiajemi umekaa kinyume, maana neno la theluji la Waajemi ndilo lililokuwa neno la barafu kwa Waswahili. Mali ilikuwa ya mkopo, lakini mpango ni wa nyumbani. Asemaye kuwa Kiswahili kimeazima tu maneno ya baridi ameona nusu ya jambo.

Huenda pakaulizwa kwa nini barafu ndiyo iliyoshinda katika matumizi ya kila siku. Sababu ni kuwa barafu ilipata kuwa bidhaa. Biashara ya barafu ilikuwa imekwisha kuvuka bahari tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwaka 1833 Frederic Tudor wa Boston alipeleka Calcutta shehena ya tani 180 hivi za barafu iliyokatwa katika maji yaliyoganda ya Massachusetts, na baada ya safari ya miezi minne zilifika tani 100 hivi zingali ngumu. Wakataji walitembea juu ya maji yale pamoja na farasi wao, wakayapasua kwa misumeno kama mtu apasuavyo mbao. Baadaye zilikuja mashine za kugandisha maji, na biashara ile ya meli ikafa. Leo, katika mkoa wa Simiyu, barafu yajulikana kwa samaki watokao ziwani upande wa Busega, wanaolazwa juu yake ili wasioze njiani, na kwa watoto wa Bariadi yajulikana kwa vile vifuko vidogo vya ubuyu na ukwaju vinunuliwavyo wakati wa jua kali. Theluji haikupata kuuzwa sokoni, na kwa hiyo ilibaki katika vitabu, katika mashairi na juu ya Kilimanjaro.

Tena isisahauliwe kuwa barafu huanguka Bariadi yenyewe. Mvua ya mawe huwapiga wakulima wa pamba wa Usukuma mara kwa mara, ikararua majani na kuangusha maua. Kiswahili hakikuiita barafu, bali mawe. Kiliitaja kwa ugumu wake na madhara yake, kama kiongozi wa Rebmann alivyoutaja weupe kwa baridi yake. Kadhalika umande ulioganda, ambao wakulima wa nyanda za juu za kusini wanaufahamu vema kwa hasara, unalo jina lake, sakitu, na Kiarabu kimetoa pia neno jalidi kwa baridi kali igandishayo. Basi lugha iliyodaiwa kuwa haina neno yaonekana ina baridi, theluji, barafu, mvua ya mawe, sakitu na jalidi, na kila moja lina mahali pake.

KUGANDA

Majina hayatoshi. Ili kusimulia mto uliofungwa na baridi yatakiwa kitenzi, na kitenzi hicho hakikuazimwa. Kuganda ni neno la asili ya Kibantu, nalo lilikuwa likitumika jikoni na zizini kabla ya mtu yeyote kuhitaji kulitumia kwa mto. Damu huganda, samli huganda asubuhi ya baridi, uji huganda ukiachwa, na maziwa huganda katika kibuyu. Wafugaji wa Usukuma, kwao maziwa ya mgando ni chakula cha kila siku, huona kwa macho yao kitu cha majimaji kikishikana na kuwa kigumu bila kuongezewa kitu kigumu chochote. Mwalimu asemaye "mto umeganda" mbele ya mtoto wa mfugaji hamwambii neno geni. Ampa neno alilolinywa.

Hata hivyo mfano una mpaka wake, na mwalimu mwema hana budi kuuonyesha. Maziwa huganda yote kwa pamoja, ilhali mto huganda juu tu. Sababu yake ni tabia ya ajabu ya maji. Vitu vingi vipoapo hujikunja na kuwa vizito zaidi, navyo vikigandapo huzama. Maji hujikunja mpaka yafike kipimo cha digrii 4 za Selsiasi. Yakizidi kupoa hupanuka na kuwa mepesi, na yakiganda huelea. Kwa hiyo barafu hujenga dari juu ya maji, na dari hiyo huyakinga maji ya chini yasipoteze joto upesi. Samaki huishi chini, na mtu hupita juu. Kama barafu ingekuwa nzito kuliko maji, mito ya nchi za baridi ingejaa mawe tangu chini, na pasingekuwa na samaki wala njia.

Lugha yapaswa kuilinda tofauti hiyo, na hapa ndipo waandishi wengine wa Kiswahili walipojikwaa. Mto ulioganda ni mto wa maji wenye kifuniko cha barafu. Mto wa barafu, ambao wataalamu wengine huuita barafuto, ni kitu kingine kabisa: ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa ikawa barafu, nayo yenyewe huteremka mlimani polepole sana kwa uzito wake. Wa kwanza hufa kila mwaka majira yageukapo, wa pili huishi mamia na maelfu ya miaka. Kiunganishi kidogo "wa" ndicho kiyatengayo mambo haya mawili, na mfasiri akikitumia bila uangalifu huzamisha somo zima.

SALIM BIN ABAKARI

Miaka 48 baada ya kiongozi wa Rebmann kusema "baridi", msemaji wa Kiswahili alikwenda mwenyewe katika nchi za mito igandayo. Salim bin Abakari, Mngazija, alikuwa mtumishi wa Theodor Bumiller, afisa wa Kijerumani aliyekuwa msaidizi wa Hermann von Wissmann. Mwaka 1896 alifuatana na bwana wake hadi Urusi na Siberia, na katika safari hiyo aliwaona Wakalmuki na Wakirgizi. Masimulizi yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1901, katika mkusanyo wa safari za Waswahili, na mwaka 1965 Lyndon Harries aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika kitabu chake cha nathari ya Kiswahili.

Salim hakuwa mgeni wa kuandika. Katika mkusanyo ule ule wa Velten limo pia simulizi lake la Nyasa, la wakati Wissmann alipopeleka meli katika ziwa lile. Kazi zote mbili zaitwa safari. Neno hili latosha kuonyesha mwandishi alivyoielewa kazi yake. Kwake Siberia haikuwa ajabu isiyosemeka, inayotaka lugha mpya au mtindo mpya. Ilikuwa nchi ya kupitwa, yenye watu wa kujulikana, desturi za kulinganishwa, vyakula na mavazi na ibada, kama zilivyokuwa nchi za njia ya Nyasa. Utaratibu wa kusimulia misafara, ambao Waswahili waliujenga katika njia za bara, ulitosha kuichukua Asia ya kaskazini.

Tena laonekana jambo jingine ambalo wanahistoria wa Ulaya walikawia kulitambua. Katika vitabu vya karne ile Mwafrika ndiye atazamwaye na Mzungu ndiye atazamaye. Salim aliupindua utaratibu huo bila kutangaza kuwa anaupindua. Ni yeye aliyekuwa akitazama, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kipimo. Jina lake lastahili kutajwa kila panapozungumzwa uwezo wa lugha hii, kwa maana alithibitisha kwa vitendo, kabla ya kuwako kamati ya lugha au kamusi sanifu, kwamba Kiswahili chaweza kufika popote afikapo msemaji wake.

Baadaye hata bila msafiri lugha ilifika. Katika mji wa Leningrad, ambao leo umerudishiwa jina la Sankt Peterburg, Kiswahili kilifundishwa tangu miaka ya 1930, na mwaka 1961 kamusi ya Kiswahili na Kirusi ilitolewa chini ya uongozi wa Dmitri Olderogge. Mto Neva upitao katikati ya mji huo huganda kila majira ya baridi. Na tangu mwaka 1960, Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipofunguliwa Moscow, vijana wa Afrika Mashariki walianza kwenda huko kusoma, wakapita majira yote ya baridi katika nchi ambako maneno theluji na barafu si ya vitabuni.

NJIA YA JUU YA MAJI

Yafaa sasa kueleza ni nini hasa wasafiri wa mito hiyo wafanyacho, maana neno lisiloshika jambo ni ganda tupu.

Mfano ulio mashuhuri ni ule wa mto Zanskar, katika nchi ya Ladakh, kaskazini mwa Bara Hindi. Bonde la Zanskar liko kwenye kimo cha mita 3,500 hivi. Majira ya baridi theluji hufunga njia zote za milimani, na kwa karne nyingi wakazi walikuwa na njia moja tu ya kutokea: mto wenyewe, upitao katika korongo lenye kuta ndefu za mawe mpaka ukutane na Indus. Mwezi wa Januari na wa Februari, baridi ifikapo digrii 20 na hata 30 chini ya sifuri, watu walitembea juu ya barafu kwa siku kadhaa, wakipeleka siagi soko la Leh na kurudi na mahitaji ya nyumbani. Watoto nao walipitishwa humo wakaenda shuleni. Njia hii yaitwa chadar, neno la asili ya Kiajemi kama lilivyo neno barafu, na maana yake ni shuka.

Shuka hiyo hailali usiku miwili kwa namna moja. Huganda, hupasuka, hufunikwa na maji yanayofurika kutoka chini, kisha huganda tena. Mwenyeji hatembei kwa kunyanyua miguu, bali huiburuta, ili uzito usihame ghafula. Huigonga barafu kwa fimbo na kusikiliza: mlio mnene una habari yake, na mlio wa utupu una habari nyingine. Mahali ambapo barafu haipo hupanda ukingoni akashika mawe. Usiku hulala mapangoni, na moto wa kuni alizozibeba au alizookota ndio uzima wake. Anayelowa miguu asiweze kuikausha huenda akarudi kama Sabaya wa Machame.

Mahali pengine njia ya barafu imebeba mizigo mikubwa zaidi. Mwaka 1904, wakati wa vita vya Urusi na Japani, reli ilitandikwa juu ya Ziwa Baikal, na mabehewa yakavutwa na farasi. Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Kijerumani, msafara wa kwanza wa malori ulivuka juu ya Ziwa Ladoga mwezi Novemba 1941, na chakula kilichopita humo kiliokoa maisha ya watu wengi sana. Barafu safi na ngumu yenye unene wa sentimita 10 humchukua mtu mmoja. Gari dogo lahitaji sentimita 20 hadi 30. Anayeishi kwa njia hiyo hana budi kujua hesabu hizi, ama kwa namba ama kwa sikio.

Msomaji wa Usukuma atatambua mara moja kuwa elimu hii na ile ya mto mkavu ni ndugu. Mvukaji wa Simiyu naye hausadiki mchanga kwa macho tu. Autazama rangi, aupima kwa fimbo, aangalia mbingu za mashariki, kwani mvua iliyonyesha mbali yaweza kuleta maji mahali ambapo jua lawaka. Mto upitikao kwa miguu, uwe wa mchanga au wa barafu, ni ruhusa ya muda, na mwenye mto haandiki tarehe ya kuifuta.

Ruhusa ya Zanskar yaelekea kufutwa. Serikali ya Uhindi imekuwa ikichimba barabara katika korongo lile kwa miaka mingi, na mwaka 2024 bonde liliunganishwa na upande wa Indus. Mgonjwa anayefikishwa hospitali kwa gari hatalia kwa sababu barafu imeachwa, wala haifai mtu wa mbali amlilie kwa niaba yake. Lakini lugha ya Zanskar, ambayo ni ya jamii ya Kitibeti, itapoteza kazi moja kubwa. Maneno ya kutaja barafu ya kukanyagwa na barafu ya kuepukwa hayafundishwi kwa kamusi. Hufundishwa na baba atanguliaye mbele. Njia ikikoma, maneno hubaki bila mguu.

DARASA LA BARIADI

Mambo haya yarudishe fikira nyumbani. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za Tanzania zimefundisha kwa Kiswahili, na shule za sekondari zikabaki na Kiingereza. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelezwe hadi ngazi za juu, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mojawapo ya hoja zilizorudiwa tangu wakati huo ni upungufu wa maneno. Mtoto wa Bariadi anayetoka darasa la saba akaingia kidato cha kwanza huambiwa habari za mito igandayo kwa lugha ambayo hajaimudu, juu ya kitu ambacho hajakiona. Ametengwa na jambo lile mara mbili, ilhali mara moja ingaliepukika.

Historia iliyoelezwa hapa yaonyesha kuwa kutengwa huko hakukuletwa na Kiswahili. Kiongozi wa mwaka 1848 alipata neno la kusema kweli. Waswahili waliokopa theluji na barafu waliyapanga kwa hekima kuliko walivyoyakuta. Kitenzi kilikuwa tayari katika kibuyu cha maziwa. Salim bin Abakari alipeleka lugha Siberia akairudisha salama. Kilichopunguka ni desturi ya kulitumia tulivu lile lililokwisha kupatikana, na uangalifu wa kutenga mto ulioganda na mto wa barafu, theluji na sakitu, kuganda na kushindiliwa.

Wala haifai kungoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo juu ya Kilimanjaro mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kutoweka kufikia mwaka 2007. Huenda kizazi kijacho cha Watanzania kikawa na neno Kibo kisiwe na weupe ulioitwa Kibo. Hapo ndipo lugha itakapotakiwa kufanya kazi yake iliyo ngumu kuliko zote, yaani kukihifadhi kitu baada ya kitu chenyewe kuondoka. Mtu wa Simiyu, anayejua kuwa mchanga anaoukanyaga leo ni mto, na kwamba mto huitwa mto hata siku ambayo hauna maji, hatashindwa kulifahamu jambo hilo.